Si kila mchoro uwe wijeti

Toleo la 4 la GTK, maktaba ya kutengenezea madirisha na vitufe ambayo asili yake ni programu ya picha ya GIMP, lilitoka Desemba 2020 likiwa na kiolesura, yaani orodha ya fanksheni ambazo kitu huahidi kuzitekeleza, kiitwacho GdkPaintable. Ushauri wangu kwa wanaoitumia ni huu: ikiwa kitu chako kazi yake ni kuonekana tu, na mtumiaji habonyezi wala haandiki chochote ndani yake, usikifanye wijeti (kijenzi cha dirisha, kama kitufe), kifanye kitekeleze kiolesura hicho.

Msimamo huu umetokana na kazi niliyoifanyia chama cha msingi cha wakulima wa kahawa hapa Moshi. Karani alihitaji grafu ya magunia yaliyopokelewa siku hiyo kwenye kompyuta yake mpakato, na wakulima waliokuwa wakisubiri mzani walitaka kuiona grafu hiyohiyo kwenye televisheni ya ukutani. Wijeti huwa na mzazi mmoja tu, yaani wijeti inayoibeba, kwa hiyo anayechora ndani ya GtkDrawingArea, wijeti ya kuchorea, atalazimika kuwa nazo mbili na kuhakikisha zote zinasoma takwimu zilezile. Kitu cha GdkPaintable hakina mzazi. Nilikikabidhi kwa GtkPicture mbili, wijeti za kuonyeshea picha, kila moja katika dirisha lake, na kila gunia lilipopimwa, grafu zote mbili zilibadilika kwa pamoja.

Kiini cha kiolesura hiki ni fanksheni moja, snapshot, ambayo hupewa upana na urefu na kutakiwa kuijaza nafasi hiyo kuanzia pembe ya juu kushoto. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa sababu huandika vipimo vya pikseli walivyovizoea mezani kwao. Kila kipimo kitokane na upana na urefu uliopewa, hata unene wa mistari: mstari wa pikseli 2 unaosomeka vizuri mbele ya karani huonekana kama uzi kwa mkulima aliyesimama mlangoni akiitazama televisheni.

Kuna maswali matatu ambayo mchoro huulizwa kabla ya kupangiwa nafasi: upana wake wa asili, urefu wake wa asili, na uwiano wa viwili hivyo. Jibu la 0 maana yake ni kwamba mchoro hauna upendeleo, na kwa grafu ndilo jibu la kweli kwa upana na urefu. Uwiano nao utajwe pale tu unapohitajika kweli, kwa mfano kwa duara la mzani ambalo lisipokuwa na uwiano wa 1 litavutwa liwe kama yai. Anayebuni ukubwa wa asili ili tu asiache jibu la 0 atakuja kulaumu mpangilio wa dirisha bure.

Takwimu zinapobadilika, ita gdk_paintable_invalidate_contents, ambayo huomba kuchorwa upya peke yake. Ile ya invalidate_size iachwe kwa siku ambayo ukubwa wa asili umebadilika kweli, kwa kuwa hulazimisha dirisha kupangwa upya. Tumia pia GtkPicture badala ya GtkImage, maana GtkImage imekusudiwa ikoni, na picha kubwa ikiwekwa humo hutoka ndogo kupita kiasi.

Baadaye karani aliomba abonyeze nguzo ya grafu ili aone majina ya wakulima. Niliweka GtkGestureClick, kitambuzi cha kubonyeza, juu ya GtkPicture, lakini ilinibidi nigeuze mahali palipobonyezwa kuwa mahali ndani ya mchoro, kwa kuwa katika hali ya CONTAIN, yaani kuonyesha mchoro mzima bila kuuvuta, ambayo ndiyo ya kawaida, mchoro wenye uwiano wake huachiwa nafasi tupu pembeni. Kwa kubonyeza kwa aina moja hesabu hiyo inavumilika. Aina za kubonyeza zikizidi hapo, wijeti yako mwenyewe inayouchora mchoro huohuo kwa gdk_paintable_snapshot itakupunguzia kazi.