Barua kwa mwanangu: aliyemvusha punda milia

Mwanangu Zuwena,

Assalaamu alaykum. Sisi huku wazima, ila babaako goti linamsumbua tangu kusi lianze. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara zote tatu namsikia mkwe wangu anacheka kwa nyuma. Unasema umesoma kuwa kwenye pango la Kuumbi, hapa hapa Jambiani, imefukuliwa mifupa ya punda milia na nyati, na yeye kwa Upemba wake akakuuliza: Waunguja waliwavusha kwa ngalawa ngapi? Ukakosa jawabu, ukanitupia mimi.

Hakuna aliyewavusha. Walikuja kwa miguu yao.

Unakumbuka bamvua, maji yanavyokupwa mpaka wakulima wa mwani wanaonekana vidoto kule mbali? Basi miaka 20,000 iliyopita bahari ilikupwa kuliko hivyo, ikakaa huko huko maelfu ya miaka. Dunia ilikuwa ya baridi, maji mengi yameganda barafu, na bahari ikashuka zaidi ya mita 100. Mkondo wetu na bara una upana wa kilomita 35 hivi, lakini kina chake ni kifupi, sehemu kubwa haifiki hata mita 60. Maji yakiondoka hapo inabaki nchi kavu. Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa ukingo wa bara.

Ndiyo maana matabaka ya chini ya Kuumbi yana punda milia, nyati, kuro na tohe, pamoja na zana za mawe za watu waliowala. Hebu tazama hao ni wanyama gani: wanataka majani ya kulisha na nafasi ya kukimbia. Kwenye uwanda wetu wa mawe na vichaka, punda milia angevunjika mguu kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo mfupa wake haukwambii tu nini kililiwa, unakwambia na nje ya pango kulikuwaje.

Kisha barafu ikayeyuka. Miaka kama 10,000 iliyopita, au zaidi kidogo, bahari ilikuwa imekwisha kutukata na bara. Wanyama wakubwa wakabanwa: malisho yanapungua, wawindaji wapo, pa kukimbilia hapapo. Wakatoweka. Na watu nao wakalihama pango, likakaa maelfu ya miaka bila mwenyewe, hadi karibu na mwaka 600 Miladia, zama za Mtume wetu, waliporudi watu wengine wenye vyungu na chuma. Mabaki yao ya chakula ni paa, kima, panya buku na makombe ya pwani. Chini nyati, juu buku. Mimi nikiliwaza hilo hucheka, halafu nawaonea huruma.

Sasa habari ya kuku wa pangoni, maana najua mkwe wangu hataacha kuiuliza. Mwaka 2005 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba pale, na yeye na wenzake wakaeleza kuwa wamepata mifupa ya kuku na ya mifugo katika matabaka ya maelfu ya miaka. Hilo si neno dogo. Kuku asili yake Asia. Akiwa Jambiani zama hizo, basi vyombo vilikwisha kuvuka bahari mapema mno. Nilifurahi, sikufichi, nani hataki wazee wake wawe manahodha?

Mwaka 2012 wakaja wachimbaji wengine, na baadaye mifupa ikapimwa kwa njia ambazo jicho haliwezi. Ndani ya mfupa mna protini iitwayo kolajeni, na ya kila jamii ya mnyama ina namna yake. Umri nao ukapimwa kwenye mfupa wenyewe, si kwenye mkaa uliookotwa kando yake, maana udongo wa pangoni hufukuliwa na wanyama na kitu cha juzi kikashuka kwa wazee. Madai ya ufugaji wa kale kiasi hicho hayakusimama. Kuku na panya mweusi wa Asia wanaonekana pwani yetu karne ya 7 au ya 8, kwenye bandari kama Unguja Ukuu.

Nilitaka kujua mtu anakoseaje, basi nikachemsha paja la kuku na paja la kanga wa jirani, nikaguguna nyama yote, nikapanga mifupa kwenye ungo. Nikamwita babaako achague. Akakosea. Akaivuruga, nikachagua mimi, nikakosea vile vile. Na hiyo ni mifupa mizima, ya jana! Wenzetu wanashika kipande cha mfupa kidogo kama ukucha, kilichokaa ardhini karne na karne. Tangu siku hiyo simcheki mtu.

Kama ni shahidi wa safari, mimi namwamini panya kuliko kuku. Kuku anaweza kuwa zawadi ya mgeni aliyepita mara moja. Panya hakuna anayempa mtu zawadi. Anajificha kwenye shehena, na mfupa wake ukionekana bandarini jua kuna chombo kilichotia nanga.

Na Pemba? Mkondo wake una kina cha mamia ya mita. Bahari ilipokupwa ile mita 100 na ushei, Pemba ilibaki kisiwa vile vile. Punda milia hakuwa na njia ya kufika, na binadamu hakuwa na njia ila chombo. Kwa hiyo watu wa kwanza wa Unguja labda walitembea tu wakifuata nyati, ila wa kwanza kukanyaga Pemba, awe nani, alijua bahari.

Usimwambie mkwe wangu kwamba nimesema hivyo. Mwambie tu aje na tochi nzuri, nitawatafutia mtu wa kuwashusha pangoni. Mimi nitakaa juu.

Mamaako