Kabla hujachonga mchezaji wa magongo, shika gongo

Mzee aliyeniagiza kinyago cha mchezaji wa mpira wa magongo alikizunguka mara mbili kimya kimya, halafu akacheka. "Fundi, huyu bwana refa atampulizia filimbi mchana kutwa."

Nilikuwa nimemshikisha gongo kama mimi ninavyoshika jembe: mkono wa kulia juu, wa kushoto chini. Kumbe kwenye mpira wa magongo wachezaji wote hushika kinyume chake, hata mashoto. Gongo ni bapa upande wa kushoto tu. Ule wa mviringo hauruhusiwi kupigia mpira. Wiki tatu za patasi, na sikuwahi kuazima gongo hata dakika tano. Kinyago kile nilikuja kumuuzia mtalii, naye hakuona kitu.

Kwa hiyo ukipata oda ya namna hii, nenda uwanjani kwanza. Shika gongo, inama, ona kiuno kinavyofanya kazi. Picha ya simu haikuonyeshi uzito uko mguu gani.

Mzee hakunikasirikia. Ni mpenzi wa mchezo huu tangu enzi za Moscow 1980, Tanzania ilipokwenda Olimpiki na India ikatufunga 18–0. Anaisimulia mechi ile kama vile tulishinda. Akanipa kazi upya: wachezaji wawili wanaotazamana, magongo yamekutana, mpira katikati. Mkao huo ni wa kale mno. Umechorwa kwenye kaburi moja huko Beni Hassan, Misri, takriban miaka 4,000 iliyopita.

Hapo ndipo nilipokosea tena. Nilichonga gongo kutoka kwenye gogo lilelile lililonyooka, na nilipofika kwenye kikunjo, tik! Likakatika. Nyuzi za mti zilikuwa zinakwenda wima, mimi nikazikata kwa upana. Kipande chembamba namna ile hakina cha kukishikilia. Gundi ilishika siku mbili.

Jibu lilikuwa kwenye rundo la kuni nyuma ya kibanda. Wanaonunua mpingo wa kutengenezea klarineti, ala ya muziki ya kupuliza, wanataka ulionyooka, bila fundo wala ufa, lakini mpingo wenyewe hupenda kujipinda. Matawi yaliyopinda yanabaki. Tafuta lililokua na kikunjo tayari, nyuzi zake zitazunguka nacho na hata ukilichonga jembamba halitavunjika kirahisi. Wahabeshi wanaocheza genna, mchezo wao wa magongo, wakati wa Krismasi yao hukata magongo yao hivyohivyo, kwenye matawi yaliyojikunja yenyewe. Mimi nilianza na tawi, ndipo nikatafuta mwili wa kulifuata. Mabega ya mchezaji wa kushoto yameinama kuliko nilivyopanga, na ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi.

Mpingo mbichi usiuanike juani. Paka nta kwenye ncha zote mbili, uweke kivulini, na uwe na subira. Ukiharakisha utapasuka usiku ukiwa umelala. Na malipo ya awali chukua, hata kwa mzee mcheshi.

Mpira sikuupaka rangi. Mpingo una tabaka jeupe-njano nje ya kiini cheusi, watu wengi hulichonga lote wakalitupa. Nililiacha kidogo tu, duara la ukubwa wa zabibu, kati ya magongo mawili meusi. Mzee alipokuja kuchukua mzigo wake aliukwaruza kwa ukucha, akauliza kama umebandikwa.

Nikamwambia ajaribu kuubandua.