Picha za barafu: usichague, beba vyote viwili

Mwanangu,

Nimeisoma meseji yako. Unauliza ukienda Greenland kupiga picha za barafu uende kama msanii au kama mtafiti, maana msimamizi wako anasema lazima uchague, eti picha ikipendeza sana wanasayansi hawaiamini. Mi sikubaliani naye hata kidogo. Uzuri hauharibu picha, kinachoiharibu ni uongo.

Mcheki Frank Hurley, mpiga picha wa safari ya mpelelezi Ernest Shackleton kule Antaktika. Meli yao Endurance ilipopondwa na barafu mwaka 1915, kabla haijazama jamaa alijitosa kwenye maji yaliyojaa barafu humo ndani akaokoa vioo vyake vya negativu, yaani vile vilivyonasa picha, alafu yeye na Shackleton wakachagua kama 120 na vingine kama 400 wakavivunja palepale maana visingebebeka. Yaani nikisoma hapo huwa naumia. Lakini ile picha yake ya mashua ya James Caird ikiondoka kisiwa cha Elephant Island Aprili 1916 kwenda kutafuta msaada ilikuja kurekebishwa ikatolewa kama ndo siku ya kuokolewa, wakati waliokolewa Agosti. Ya nini jamani? Ya kweli ilitosha kabisa, watu wamebaki ufukweni hawajui wenzao watafika au la.

Sasa angalia hii. Mtafiti wa barafu William Field alipiga Muir Glacier, mto wa barafu kule Alaska, 1941, na 2004 mwanajiolojia Bruce Molnia akasimama palepale akapiga tena. Palipokuwa na ukuta wa barafu sa hivi ni maji na majani mabichi, barafu imerudi nyuma kama kilomita 12. Ziweke picha mbili pamoja uone kama kuna mtu atauliza hii ni sanaa au sayansi. Hata zile ambazo Wadenmaki walipiga Greenland kwa ndege miaka ya 1930 ili wachore ramani, watafiti walikuja kuzitumia kupima barafu ilivyosogea, zaidi ya miaka 70 baadaye!

Kwa hiyo andika kila kitu: GPS, tarehe, saa, lenzi ipi, umeielekeza wapi, ili mwingine aweze kusimama hapo baada yako. Piga mwisho wa kiangazi kabla theluji mpya haijaanguka, maana ikishaanguka mpaka wa barafu hauonekani vizuri. Weka mtu kwenye fremu moja hata kama anakuharibia mpangilio, kule hakuna mti wala nyumba, jicho haliwezi kujua ukuta ni wa mita 10 au 100. Theluji kamera inaifanya ya kijivu, ongeza mwanga stopu moja au mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili). Na ile bluu ya barafu nene usiiongeze kwenye kompyuta, ni yake kweli, barafu inameza mwanga mwekundu inaacha bluu. Faili ghafi, lile lililotoka moja kwa moja kwenye kamera, usiliguse, chezea kopi na uandike ulichobadilisha.

Betri za akiba zikae ndani ya koti karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka mno. Ukiingia kwenye joto kamera iache kwanza kwenye mfuko uliofungwa mpaka izoee, isishike umande. Nitumie orodha ya vifaa tuipitie kabla hujanunua chochote.

Mama