Swali: Naweka DAP, mbolea ya kupandia yenye nitrojeni na fosforasi, mfuko na nusu kwa ekari, na mahindi bado yanatoa majani ya zambarau. Niongeze?

Mwenzetu wa Dagoretti, usiongeze. Piga hesabu kwanza. Ile 46 iliyoandikwa kwenye mfuko ni asilimia ya P2O5, yaani fosforasi ikiwa imeungana na oksijeni; ukitaka fosforasi yenyewe, zidisha kwa 0.44. Mfuko wa kilo 50 una kilo 10 hivi, kwa hiyo wewe unaweka kilo 15 kila msimu. Magunia 15 unayovuna yanaondoka na kama kilo 4. Nyingi ya zilizobaki zimo humo humo shambani, zimeshikwa na chuma na alumini za huu udongo wetu mwekundu. pH (kipimo cha asidi ya udongo) ikishuka chini ya 5.5 zinashikwa zaidi, na amonia iliyo ndani ya DAP inazidi kuutia udongo asidi. Unanunua kitu ulichonacho tayari, tena cha kuagizwa ng'ambo: mwaka 2022 mfuko ulivuka shilingi 6,000.

Zambarau peke yake si ushahidi wa njaa ya fosforasi. Baridi ya Julai huileta, na funza wakila mizizi pia. Pima udongo. Chota sehemu 15 hadi 20 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo ya plastiki (ya mabati huongeza zinki kwenye majibu), upeleke nusu kilo maabara. Uliza wametumia njia gani kupima fosforasi: miligramu 15 kwa kilo ya udongo kwa njia ya Olsen inatosha mahindi, 15 ya Mehlich 3 ni njaa. Wengi hulinganisha namba hizo mbili kisha wanabishana bure.

pH ikiwa chini ya 5.5, mwaga chokaa ya kilimo, takriban tani moja kwa ekari, wiki 4 hadi 6 kabla ya kupanda, uilime ichanganyike. Usiiweke shimo moja na DAP: amonia itaruka hewani na kalsiamu itaifunga fosforasi upya. Ukipendelea fosfeti ya mwamba ya Minjingu kutoka Tanzania, basi usitie chokaa nyingi, kwa maana mwamba ule huyeyuka kwa asidi.

DAP usiitawanye. Kadiri inavyogusana na udongo mwingi ndivyo inavyoshikwa. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 una mashimo kama 18,000 kwa ekari, hivyo mfuko mmoja ni gramu zisizofika 3 kwa shimo, nusu ya kifuniko cha soda. Funika kwa udongo ndipo uweke mbegu, la sivyo itaungua. Ongeza konzi ya samadi iliyooza. Asidi zake huziba zile sehemu za udongo zinazoshika fosforasi.

Kipande cha sukuma kinachopata mbolea ya kuku kila msimu ni kesi tofauti kabisa. Hapo fosforasi huwa imerundikana, hadi zinki inakosekana. Kipe CAN tu, mbolea ya nitrojeni isiyo na fosforasi.

Na kama shamba lina mteremko, panda mistari ya nepia kabla hujanunua chochote. Fosforasi hushuka mtoni na tope.