Re: Imeili za ofisi zinaangukia spamu kwa wateja

Habari mkuu, nimekuelewa, sava yako ya Postfix (programu ya kutuma na kupokea imeili) inatuma fresh ila imeili zikifika Gmail zinaangukia spamu. SpamAssassin iache kwanza, hiyo inachuja zinazoingia, tatizo lako liko kwenye zinazotoka. Anza na PTR, rekodi inayoonyesha IP ni ya jina gani, yaani IP ya sava irudishe jina lile lile ambalo Postfix inajitambulisha nalo, na hiyo anaiweka aliyekukodisha IP, sio pale uliponunulia domeni, wengi wanakwama hapo. Halafu SPF, rekodi ya domeni inayotaja sava zinazoruhusiwa kutuma imeili kwa jina lake, hapa tafadhali kuwa makini sana: domeni inatakiwa iwe na rekodi moja tu inayoanza na v=spf1, ukikuta mbili, labda moja ya sava na nyingine ya programu ya ankara, inahesabika kosa hata kama kila moja iko sawa, ziunganishe. DKIM, yaani sahihi ya kidijitali kwenye imeili zinazotoka, washa tu. DMARC, rekodi inayowaambia wapokeaji wazifanye nini imeili zisizopita SPF wala DKIM, anza na p=none (wasichukue hatua), ukikimbilia p=reject (wazikatae) mapema unaweza kuzuia ankara zako mwenyewe. Ukimaliza tuma imeili moja kwenye Gmail yako, bonyeza kuona ujumbe asili, tafuta mstari wa Authentication-Results, palipoandikwa fail ndo pa kushughulikia, ubandike hapa tuuangalie.