Sarafu ya Dhahabu Iliyodumu Miaka Mia Saba

SWALI: Mhariri, naomba ufafanuzi. Shuleni tulifundishwa kwamba Dola ya Roma ilianguka mwaka 476, lakini nimesoma mahali kwamba sarafu ya dhahabu ya Warumi iliendelea kutumika bila kupungua thamani hadi karne ya 11. Hilo liliwezekanaje, na hatimaye ni nini kilichoiangusha?

JIBU: Ndugu msomaji, mwaka 476 ni wa kuanguka kwa upande wa magharibi peke yake. Upande wa mashariki, uliotawaliwa kutoka Konstantinopoli, ulidumu hadi 1453, na ndio uliolinda sarafu unayoiulizia.

Sarafu hiyo, solidusi kwa Kilatini na baadaye nomisma kwa Kigiriki, ilianzishwa na Kaisari Konstantino yapata mwaka 309. Kabla yake watawala wa karne ya 3, wakisakamwa na vita na mishahara ya askari, walikuwa wamepunguza madini ya fedha katika sarafu zao mpaka zikabaki shaba iliyopakwa fedha juu juu, na bei za bidhaa zikapanda bila kizuizi. Kaisari Diocletian alijaribu kuzizuia kwa amri ya mwaka 301 iliyoweka bei za juu kabisa kwa mamia ya bidhaa, lakini alishindwa, kwa sababu amri haikugusa ubovu wa pesa yenyewe. Konstantino alichukua njia nyingine: katika kila ratili moja ya Kirumi ya dhahabu safi zilikatwa sarafu 72, kila moja ikiwa na uzito wa takriban gramu 4.5, na kipimo hicho hakikuchezewa.

Wengi hudhani kwamba dhahabu peke yake ndiyo iliyoipa sarafu hiyo heshima. Kwa maoni yangu, siri kubwa ilikuwa katika kodi. Serikali iliwalipa askari na maofisa wake kwa dhahabu, kisha ikadai sehemu kubwa ya kodi kwa dhahabu hiyo hiyo, hivyo kila mwenye shamba alilazimika kuuza mazao yake ili aipate. Zaidi ya hayo, miaka ya 360 iliamriwa kwamba sarafu za kodi ziyeyushwe kuwa vipande vya dhahabu iliyosafishwa kabla ya kupelekwa hazina, ili sarafu bandia zisipenye. Mtawala ambaye angetia madini duni katika sarafu yake angejikuta akiipokea tena mwaka unaofuata akiwa mtoza kodi, na kwa muda mrefu hofu hiyo ilikuwa kinga kubwa kuliko sheria yoyote.

Tusiisifu kupita kiasi, hata hivyo. Solidusi moja ilikuwa kubwa mno kwa mtu wa kawaida aliyenunua mkate na mboga kwa sarafu za shaba, ambazo ziliendelea kushuka thamani karne nzima ya 4. Mwandishi mmoja wa karne hiyo, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, alilalamika waziwazi kwamba wingi wa dhahabu wa enzi ya Konstantino ulijaza nyumba za wakubwa na kuwaongezea maskini mateso. Nafuu ya kweli ilikuja mwaka 498, Kaisari Anastasius alipotoa sarafu kubwa ya shaba yenye thamani inayoeleweka. Naye alipofariki mwaka 518 inasimuliwa kwamba aliacha hazinani ratili 320,000 za dhahabu. Katika karne hiyo ya 6 Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria aliyewahi kufika bandari ya Aduli katika dola ya Aksum, kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, aliandika kwamba mataifa yote yalifanya biashara kwa pesa ya Warumi. Hata katika karne ya 7, dola ilipopoteza Shamu na Misri pamoja na kodi zake nono, usafi wa dhahabu haukuachwa.

Anguko lilianza wakati wa neema. Kaisari Konstantino wa Tisa, aliyetawala kuanzia 1042 hadi 1055, alishusha sarafu kutoka karibu karati 24, yaani dhahabu safi, hadi takriban 18. Wapo wanahistoria wanaosema kwamba biashara ilikuwa imekua na dhahabu haikutosha kuihudumia. Wengine wanamlaumu kwa ukarimu wake na gharama za jeshi. Naona hoja ya kwanza ina uzito kwa miaka ya mwanzo tu. Baada ya kushindwa na Waturuki wa Seljuki huko Manzikert mwaka 1071, serikali ilipopoteza mashamba ya Anatolia (sehemu ya Uturuki ya leo) huku ikilipa askari wa kukodiwa, kushusha thamani kuligeuka kuwa njia ya kuishi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1090 nomisma ilikuwa na dhahabu kidogo sana. Mwaka 1092 Kaisari Alexios Komnenos alitoa sarafu mpya ya karati 20 na nusu. Ilisaidia, lakini watu walikuwa wamekwisha kujifunza kuuliza kwanza ni nomisma ya mfalme yupi.

SWALI: Nafasi yake ilichukuliwa na nini? Na pwani yetu ilitumia sarafu gani?

JIBU: Dinari ya Kiislamu, ambayo Khalifa Abdul Malik bin Marwan aliitengeneza upya mwaka 77 Hijria kwa uzito wa gramu 4.25 bila sura ya mtu, ilikuwa imeenea tangu zamani. Baadaye miji ya Italia ilitoa dhahabu yake: Florence na Genoa mwaka 1252, Venice mwaka 1284; dukati ya Venice ilidumu bila kupunguzwa hadi jamhuri hiyo ilipokwisha mwaka 1797.

Kwetu, masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu nyingi za shaba kwa ajili ya masoko ya hapa, na Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14 alitoa hata za dhahabu, ingawa zilizopatikana ni chache sana. Sarafu yake ya shaba imefukuliwa mbali bara, Zimbabwe Kuu. Dhahabu yenyewe, iliyotoka nyanda za Zimbabwe kupitia bandari ya Sofala (Msumbiji ya leo), Kilwa iliiuza hasa kama bidhaa ya ng'ambo.