Usinunue ruta mpya: mgongano wa IP nyumbani na mshukiwa aliyekuwa amelala

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Laptopu inakutolea ujumbe wa mgongano wa anwani ya IP karibu kila jioni (yaani vifaa viwili vimeshika namba moja ya utambulisho kwenye mtandao), simu zinashika waifai lakini intaneti haipiti, ukizima ruta na kuwasha mambo yanatulia, kesho yake ni yale yale. Tena umetaja kwa kupitia tu kwamba ruta ya zamani umeiweka chumba cha nyuma ili isaidie kusambaza waifai. Hapo nitarudi. Wanaokushauri ununue ruta mpya, waache kwanza. Mimi hili lilinisumbua wiki tatu, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Miaka kama miwili kabla ya hapo, printa ilikuwa inapotea kwenye kompyuta kila mara, nikachoka, nikaipa anwani ya kudumu kwa mkono kupitia kile kioo chake kidogo: 192.168.1.20. Ikatulia, nikasahau. Baadaye ruta ikabadilishwa. Mpya ikaja na setingi za kiwandani, inagawa anwani kuanzia 192.168.1.2 mpaka 192.168.1.254, haina habari kwamba .20 ina mwenyewe. Printa nayo haimwombi mtu anwani. Ikiamka inajikalia pale pale pa siku zote.

Sasa printa ya nyumbani muda mwingi imelala. Ruta ikichungulia kama .20 ina mtu, kimya, basi inampa yeyote anayefuata mlangoni, leo simu, kesho laptopu. Jioni mtu anataka kuchapisha kurasa mbili, printa inaamka, na mimi nakatika katikati ya kikao cha video. Ndiyo maana tatizo lilikuja na kuondoka kama homa ya vipindi. Nilipiga simu kwa watoa huduma mara mbili, mara zote nikaambiwa zima, washa.

Kuzima na kuwasha kunasaidia kwa bahati tu: anwani zinagawiwa upya na pengine hakuna anayeangukia kwenye kiti cha mwenzake. Kuna wakati kunaharibu zaidi. Baadhi ya ruta za nyumbani zinaweka daftari la ugawaji kwenye kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika. Ruta inaamka haikumbuki nani ilimpa nini, wakati simu iliyopewa anwani kwa saa 24 bado inaishikilia kama haki yake.

Ukijua kinachotokea ndani, kumsaka mkosaji kunakuwa rahisi. Ruta ikiwa na data ya .20, inauliza mtandao mzima: nani ana .20? Mwenyewe anajibu kwa namba yake ya MAC, namba ya utambulisho wa kifaa chenyewe, ile ya tarakimu 12 zilizochanganyika namba na herufi, na ruta inalihifadhi jibu kwa muda. Wakijibu wawili, mara nyingi la mwisho ndilo linaloshika. Hapo kurasa ulizoomba kwenye laptopu zinapelekwa kwa printa, ambayo haijui za nini, inazitupa. Tovuti inafunguka nusu, ujumbe unazunguka bila kutoka, kisha ghafla kila kitu kinarudi. Windows ikishtuka inaweza kuiachia anwani hiyo na kujipa nyingine inayoanza na 169.254. Ukiiona hiyo, laptopu imejipa anwani yenyewe bila ruta, na nje haitoki.

Kwa hiyo fanya hivi. Ujumbe ukitokea, usiguse ruta. Fungua dirisha la amri kwenye laptopu, andika ipconfig /all, nakili anwani ya IP na ile inayoitwa Physical Address, ambayo ndiyo MAC yako. Ikiwa Windows imeshahamia kwenye 169.254, anwani iliyogombaniwa utaipata kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, tukio namba 4199. Mimi nilichelewa sana kulijua hilo. Tukio hilo linakutajia anwani yenye mgogoro pamoja na MAC ya kifaa cha pili. Yaani mkosaji ameandikwa pale na wewe unazunguka nyumba nzima.

Ukilikosa, zima laptopu kabisa. Kwenye kompyuta nyingine ya humo ndani andika ping 192.168.1.20, amri ya kubisha hodi kwenye anwani, ukiweka anwani yako badala ya hii yangu. Laptopu imezimwa, lakini anwani yake inajibu? Basi kuna mwingine amekaa pale. Papo hapo andika arp -a, utaona MAC yake mbele ya anwani hiyo. Isipojibu usiseme hamna kitu, maana huenda mkosaji amelala kama printa yangu. Amsha printa, TV, kamera, kinasa picha cha kamera, kisha rudia. Na hata kifaa kinachokataa kujibu ping, angalia arp -a hivyo hivyo, kwa sababu swali la MAC huwa kinalijibu.

Tarakimu sita za mwanzo za MAC zinaonyesha aliyetengeneza kifaa, au walau chipu yake ya mtandao, na ukizitafuta mtandaoni zinatoka. Ila kwa simu zinaweza kukudanganya. Tangu Android 10 na iOS 14 simu zinajitungia MAC ya bandia kwa kila waifai. Tazama herufi ya pili ya MAC: ikiwa 2, 6, A au E, karibu kila mara hiyo ni ya kujitungia, usipoteze muda kutafuta kiwanda.

Sasa ruta yako ya chumba cha nyuma. Kwa maelezo yako naishuku hiyo kuliko kingine chochote. Kama ulichomeka kebo kwenye tundu lake la kawaida la LAN (la vifaa vya ndani) bila kuzima DHCP, ile kazi yake ya kugawa anwani, basi una wagawaji wawili ndani ya nyumba moja, kila mmoja na daftari lake, na hawaulizani. Kuthibitisha ni rahisi: kwenye ipconfig /all kuna mstari wa DHCP Server. Utazame ukiwa karibu na ruta kubwa, kisha uhamie chumba cha nyuma, andika ipconfig /release, halafu ipconfig /renew, utazame tena. Ikitoka anwani tofauti, umemkamata. Kuna mtego mmoja: zote mbili zikiwa 192.168.1.1, mstari utafanana ilhali ruta ni mbili, na hizo zenyewe zinagombana. Kwa hiyo ingia kwenye ile ya nyuma ikiwa peke yake, bila kebo ya ruta kubwa. Ipe 192.168.1.2, zima DHCP yake, hifadhi, ndipo urudishe kebo kwenye LAN, siyo WAN (tundu la kupokea intaneti).

Baada ya hapo, kwenye ruta kubwa punguza eneo la kugawa, tuseme .100 mpaka .200, ili anwani za chini zibaki kwa vile vyenye anwani za kudumu. Mimi printa niliirudisha iombe anwani yenyewe, halafu nikaitengea .20 ndani ya ruta kwa kutumia MAC yake. Napendelea njia hii kuliko kuandika anwani kwenye kila kifaa, kwa sababu orodha yote inakaa sehemu moja. Baadhi ya ruta zinataka anwani unayotenga iwe ndani ya eneo la kugawa. Yako ikigoma kupokea .20, chagua moja kati ya .100 na .200.

Ukishabadilisha eneo, zima na kuwasha vifaa vyote, vinginevyo vya zamani vitang'ang'ania anwani zao mpaka muda uishe.

Anza na ule mstari wa DHCP Server leo jioni, mkuu, kabla ya kugusa kingine. Ukikwama, weka hapa matokeo ya arp -a, lakini futa tarakimu sita za mwisho za kila MAC.